Ngoma ya Krem Ksing

Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Maana ya methali hii si ngumu. Watu wawili husimama ukingoni mwa mto. Mmoja husema maji ni ya magotini, mwingine husema ni ya shingoni. Yote mawili ni makisio, hata kama mmoja wao amesoma na mwenzake hakusoma. Anayejua ni yule aliyelowa. Kwa kawaida methali hii huelekezwa kwa waoga na wajinga. Kisa cha Bah Teilang, yaani Bwana Teilang, na dada yake kinaonyesha kwamba huwagusa pia wale wanaoamini hawamo katika makundi hayo mawili.

Kijiji cha Laitumiong kimekaa ukingoni mwa milima ya Khasi, pale ambapo mawingu yanayopanda kutoka tambarare ya kusini hugonga majabali na kutua mzigo wote kwa mara moja. Wakati wa masika watu hutembea wamebeba migongoni ngao kubwa za majani na mianzi, wakaonekana kama kobe waliosimama kwa miguu miwili. Chini ya kijiji mlima wote ni mawe ya chokaa, na ndani ya mawe hayo kuna pango liitwalo Krem Ksing, yaani Pango la Ngoma. Jina hilo halikutolewa kwa mapambo. Kila mvua kubwa iliponyesha, ndani ya mlima ulisikika mdundo mzito, wa taratibu, usio na furaha wala huzuni. Ndu. Kimya. Ndu.

Mlango wa pango ulikuwa nyuma ya jiko la Kong Aitimon, yaani Bibi Aitimon, mjane aliyekuwa na bustani ya michungwa na mipopoo, paa la bati lisilovuja na binti watatu waliosoma. Kwa majirani, ngoma ya chini na neema ya juu zilikuwa ni hoja moja. Walisema ukoo ule unafuga Thlen, joka linalotajirisha nyumba na kudai damu ya watu kuwa malipo. Thlen hurithiwa kama shamba. Tena huhama pamoja na mali: ukipokea hata kitambaa kutoka katika nyumba hiyo, huenda umebeba joka zima kwapani. Kwa hiyo watu walimsalimu Kong Aitimon kwa adabu, wakapita upande wa pili wa njia.

Bah Teilang hakuamini habari za joka. Alikuwa mtunza kituo cha kupima mvua, kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Kila asubuhi alisoma kipimo, akaandika tarakimu, na hakuwahi kuandika tarakimu ambayo macho yake hayakuiona. Hata siku aliyoumwa homa ya kutetemeka alibebwa mgongoni mpaka kwenye kipimo, akasoma, akarudishwa kitandani. Kuhusu ngoma alikuwa na jibu moja, nalo alilitoa kwa yeyote aliyemuuliza na kwa wengi wasiomuuliza: ni upepo.

Asubuhi moja mwanzoni mwa kiangazi alipita kwa dada yake mdogo, Kong Trilis, ambaye alikuwa akioka mikate ya mchele ya kuuza sokoni.

"Mpwa wako amepata kichaa," Trilis alisema bila kugeuka.

"Cha aina gani?"

"Cha kutaka kuoa."

"Hicho kina dawa. Aoe."

"Kwa Aitimon."

Bah Teilang aliacha kufuta miwani yake. Kitbok, mpwa mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha mbao mkononi, kwa sababu alikuwa seremala na daima alikuwa na kipande cha mbao mkononi. Begani alikuwa na shali mpya yenye mistari ya kijani.

"Ni Ridahun, mjomba," Kitbok alisema. "Yule wa mwisho."

"Yule wa mwisho!" Trilis aligeuza mkate kwa ghadhabu. "Binti wa mwisho ndiye mrithi wa nyumba. Ndiye atakayekabidhiwa kila kilichomo, cha juu ya sakafu na cha chini ya sakafu. Na wewe utahamia kwake ukalale hapo juu. Sikukuzaa uwe kitoweo."

"Trilis, ni upepo," kaka yake alisema. "Nimekwambia tangu utotoni. Unaingia tundu hili, unatokea tundu lile. Ukipuliza chupa, inalia. Mlima ni chupa kubwa."

"Umeingia ukauona huo upepo?"

"Upepo hauonekani."

"Na joka halionekani. Basi tumetoka sare."

Kitbok alicheka, akaona mama yake hacheki, akaangalia mbao yake.

Trilis alipangusa mikono. Sauti yake ilishuka, na iliposhuka ndipo ilipokuwa na uzito. "Wewe ndiye mjomba. Wewe ndiye utakayesimama mbele ya ukoo wao kusema neno letu. Sasa niambie kama unavyowaambia wakubwa wako wa mvua. Nyumba ile ni safi? Sitaki unachodhani. Nataka unachojua. Ukiweza kusema unajua, mimi nitafunga mdomo na kijana ataoa. Ukishindwa, habari hii tusiisikie tena hapa ndani."

Bah Teilang alitaka kujibu mara moja, akagundua kwamba hana cha kusoma. Miaka yote aliishi karibu na mlango wa pango lile kuliko alivyoishi karibu na kituo chake, na hakuwahi kuinama kuchungulia. Alikuwa na hakika kamili juu ya kitu asichokiona, na hiyo, alijikiri kimoyomoyo, ndiyo hali hasa ya watu aliowacheka.

"Nipe kiangazi hiki," alisema.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Kong Aitimon. Mjane alimkaribisha, akamtengea sahani ya tambuu: vipande vya popoo, majani, na chokaa kidogo. Bah Teilang alichukua, akakunja, akatia kinywani. Kong Aitimon alimtazama akitafuna.

"Ni ujasiri huo au ni njaa?"

"Ni meno mabovu, Kong. Yakipata kitu laini hayaulizi kimetoka wapi."

Mjane aliguna, ilikuwa karibu na kicheko. Lakini mgeni alipoeleza haja yake, uso wa mjane ulifungwa kama duka siku ya maziko.

"Bah Teilang, ukiingia mle ukatoka na mafua, watasema joka limekupulizia. Ukiteleza ukavunjika mguu, watasema limekuuma. Wewe utapona. Sisi hatutapona."

"Na nisipoingia?"

"Tutaendelea tulivyo. Tumezoea."

"Wewe mwenyewe uliona nini mle ndani?"

Kong Aitimon aliisukuma kando sahani ya tambuu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetua kitu kizito, "Sijaingia. Mama yangu aliziba mlango kwa miiba nikiwa mtoto. Aliniambia, usiingie, wala usimwambie mtu kwamba hujaingia. Maana mtu akisema hajui kilicho ndani ya nyumba yake, nani atamwamini? Mvua ikinyesha, mimi hupiga sufuria jikoni nisiisikie."

Hapo Bah Teilang alielewa jambo ambalo hakulitarajia: mwenye nyumba naye alikuwa miongoni mwa waliosimama ukingoni.

Ridahun alikuwa akimenya popoo kando ya dirisha. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye kusema polepole kama anayehesabu chenji. "Mama," alisema, "mlima huu utakuwa wangu. Nitarithi kitu nisichokijua ndani?"

"Waliokutangulia wote walikirithi hivyo hivyo."

"Na wakaogopa hivyo hivyo."

Mama yake hakutoa ruhusa. Aliinuka, akatafuta panga la kukatia miiba, akaliweka mezani, akatoka kwenda kuangalia michungwa yake.

Waliingia watatu: Bah Teilang, Kitbok na Ridahun, na taa za kufunga kichwani, kamba, na nguo kuukuu. Mwanzoni pango lilikuwa pana kama chumba cha darasa, na dari yake imejaa popo walioning'inia kama pilipili zilizoanikwa. Kisha likashuka. Waliinama, wakapiga magoti, mwishowe wakalala kifudifudi na kujivuta kwa viwiko juu ya udongo baridi. Baada ya mbano huo ukumbi ulifunguka tena. Mawe yalikuwa yameshuka kutoka juu kwa matone ya miaka isiyo na idadi, mengine membamba kama tambi, mengine mazito kama mapazia yaliyoganda upeponi. Kuta zilikuwa nyeupe, na mahali fulani zilimetameta kama chumvi. Kitbok aligusa pazia moja kwa heshima ya seremala anayekutana na kazi ya fundi mwingine.

"Na watu wanasema hapa ni tumboni mwa joka," alisema.

"Kama ni tumbo," Ridahun alijibu, "ni tumbo safi kuliko jiko la mama yako siku ya soko."

"Usiseme hivyo ukishaolewa."

"Nitasema kabla, basi. Ndiyo maana nasema sasa."

Bah Teilang hakuwa akiwasikiliza. Aliwasha kipande cha kamba kikuukuu, akakizima mwali, akakishika mbele yake kikitoa moshi. Hiki ndicho alichokijia. Moshi ulipanda wima kama uzi. Haukuinama kulia wala kushoto. Alisogea mpaka kwenye kila ufa alioweza kuufikia, na kila mahali moshi ulipanda wima.

"Mjomba, upepo uko wapi?" Kitbok aliuliza.

"Haupo."

"Labda umetoka mara moja. Tuusubiri?"

Mjomba aliutazama moshi. Alikuwa akikumbuka. Miezi ya upepo mkavu, inayong'oa mabati na kupeperusha vumbi sokoni, ngoma hailii. Miezi ya masika, hata siku ambazo mvua inashuka wima na hakuna jani linalotikisika, ngoma hulia. Jambo hilo alikuwa nalo mkononi miaka yote. Mtu apimaye mvua kila asubuhi hakuwahi kulinganisha ngoma na mvua, kwa sababu alikuwa na jibu tayari, na aliye na jibu haulizi.

Ridahun ndiye aliyetangulia kushuka kwenye korongo lililokuwa mwisho wa ukumbi, ambamo kijito chembamba cha kiangazi kilipita juu ya mwamba. "Njooni," aliita. "Kuna kinu hapa."

Kilikuwa kinu kweli, ila hakikuchongwa na mtu. Maji yalikuwa yamezungusha mchanga na kokoto mahali pamoja mpaka yakachimba shimo la mviringo, refu, lenye kuta laini kama kikombe. Ndani yake, chini, lilikaa jiwe la duara, kubwa kama fenesi, lililosuguliwa likang'aa. Bah Teilang alilala kifudifudi, akanyoosha mkono, akalisukuma. Jiwe liliyumba, likagonga ukuta.

Ndu.

Sauti ilijaza korongo lote, ikapanda darini, ikatafuta nyufa. Kisha Kitbok akapiga kelele za furaha, na popo wawili wakahama.

"Tumemaliza, mjomba. Twende tukawaambie."

"Hatujamaliza. Tumeona jiwe, na tumesikia jiwe. Hatujaona kwamba jiwe hili ndilo linalolia masika. Mkono wangu si mvua." Aliketi, akafuta miwani kwa shati lenye tope, akazidi kuichafua. "Tulitoe kinuni. Kama ni hili, mwaka huu ngoma haitalia."

Walilitoa kwa kamba na miti miwili, kwa jasho jingi na ugomvi mdogo, wakaliegemeza kwenye ubao wa mwamba juu ya maji. Siku ya soko Bah Teilang alisimama mbele ya kibanda cha chai akatangaza, mapema, waziwazi: ngoma ni jiwe katika maji, jiwe limetolewa, masika haya mlima utakaa kimya. Kong Phlomi, muuza samaki wakavu, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko mizani yake, alisema: "Bah, jana ilikuwa upepo, leo ni jiwe. Kesho utatwambia ni kuku." Kicheko kikazunguka meza zote.

Masika yalifika kama yanavyofika, kwa kelele na bila kuomba radhi. Mvua ilinyesha mpaka maporomoko mapya yakaning'inia kila upande wa bonde. Watu walitega masikio. Mlima ulikuwa kimya kama maji mtungini. Bah Teilang alisubiri kijiji kikiri.

Hakikukiri. Kwa siku chache watu walitazamana. Kisha Kong Phlomi akalipata neno, na neno likapita sokoni kwa kasi kuliko moto wa nyasi: ngoma imenyamaza kwa sababu mwenye ngoma amehama. Thlen huhama na mali. Nani alipokea mali kutoka kwa Aitimon? Si Kitbok, yule mwenye shali ya mistari ya kijani iliyotoka nyumba ile? Basi joka sasa limo kwa Trilis.

Siku hiyo Kong Trilis alirudi na kapu lake la mikate likiwa limejaa kama lilivyoondoka. Siku iliyofuata vilevile. Wateja wa miaka mingi walimsalimu kwa adabu, wakapita upande wa pili wa njia. Kaka yake alipokuja alimkuta ameketi mbele ya mikate iliyokauka, mikono mapajani.

"Umeniletea joka nyumbani, Teilang. Kwa hesabu zako."

"Nilikosea," alisema. "Nilidhani watu wasiposikia kitu watajua kitu."

"Mimi ninajua nyumba yangu. Hakuna joka humu. Nimezaliwa humu, nimeifagia kila pembe." Kilichofuata kilitoka kwa shida. "Aitimon naye alifagia yake. Unakumbuka mwaka ule machungwa ya kila mtu yalipooza? Yake yalikuwa mazima. Nilipita mbele ya meza yake na watoto wawili wenye homa, wanalilia chungwa, sikununua. Aliniona. Hakusema kitu."

Mvua ilipiga bati juu yao. Baadaye Trilis akasema, "Nipeleke."

"Wapi?"

"Usijifanye kiziwi. Nipeleke, na mlirudishe hilo jiwe mbele ya macho yangu."

"Subiri mvua ipungue. Siogopi joka; naogopa maji."

"Wewe ndiye mwenye kipimo. Utaniambia."

Alisoma kipimo chake kila asubuhi kwa makini kuliko wakati wowote, mpaka masika yakavuta pumzi na jua likaonekana siku kadhaa mfululizo. Aliingia peke yake kwanza, kwa kamba, akaona kijito kimejaa lakini ubao wa mwamba juu yake ni mkavu. Ndipo akamwita dada yake, pamoja na Kitbok na Ridahun.

Kong Trilis alilalamika safari nzima. Alilalamika juu ya popo, juu ya tope, juu ya kaka anayempeleka dada yake mahali pa panya. "Mama yetu alinizaa nitembee kwa miguu," alisema akiwa amelala kifudifudi kwenye mbano, na Ridahun, aliyekuwa mbele yake akimmulikia, akasema, "Bado kidogo, mama. Weka kiwiko hapa. Sasa hiki." Walipofika ukumbini na taa zikapiga yale mapazia meupe, malalamiko yalikatika. Alitazama juu muda mrefu, kama mtu anayesoma bango la lugha asiyoijua.

Korongoni maji yalikuwa mengi sasa, ya rangi ya chai ya maziwa, na yalipofika kwenye kinu yalizunguka kwa nguvu. Trilis aliketi kwenye ubao wa mwamba, mgongo ukutani. Kitbok na Ridahun walilishusha jiwe kwa kamba na miti. Lilizama. Kwa muda halikutokea lolote. Kisha jiwe likatikisika, likageuka, likainuliwa na maji.

Ndu.

Ubao wa mwamba ulitetemeka chini yao. Trilis alimshika Ridahun mkono. Mdundo wa pili ulikuja, na wa tatu, na kila mmoja ulimpanda kutoka miguuni mpaka menoni. Ilikuwa ndiyo ile, bila shaka yoyote. Ndiyo iliyomfanya ajifiche chini ya blanketi alipokuwa mtoto.

"Nipe mti," alisema.

"Dada, utateleza."

"Basi nishikeni."

Walimshika, Kitbok kiunoni, Ridahun begani. Alishusha mti kinuni, akapapasa, akalipata jiwe, akalikandamiza kwa nguvu zake zote. Ngoma ilinyamaza. Aliinua mti. Ngoma ikalia. Akakandamiza tena, kimya. Akaachia; ndu. Alifanya hivyo mara nyingi, uso wake ukibadilika kidogo kila mara, mpaka akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichochanganyika na kitu kingine, na tope likamchirizika mashavuni.

"Mama, mkono utachoka," Ridahun alisema.

"Wacha uchoke. Umenisumbua maisha yangu yote, huu mlima. Leo nausumbua mimi."

Walipotoka, waliwakuta watu wamejaa nyuma ya jiko la Kong Aitimon. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Ngoma imelia mchana, jua linawaka, tena imelia na kukatika, imelia na kukatika, jambo ambalo hakuna babu aliyewahi kulisimulia. Kong Phlomi alikuwa mbele, mkono kifuani. Kong Aitimon alisimama mlangoni mwa jiko lake, amekauka kama mti.

"Kong Trilis," Phlomi alisema, "tumesikia ngoma."

"Ilikuwa inalia vizuri?"

"Ilikuwa... inakatika-katika."

"Usinilaumu. Ni mara yangu ya kwanza kupiga." Alijipangusa tope usoni kwa kiganja chenye tope zaidi. "Niliibonyeza kwa mti, ikanyamaza. Nikaiachia, ikalia. Ni jiwe katika kinu cha maji. Sijaambiwa na kaka yangu, maana yeye aliniambia upepo, na hapakuwa na upepo wa kuzimia hata kibatari. Nimelishika mwenyewe. Kamba bado imefungwa. Anayetaka kupiga naye, aingie sasa kabla mvua haijarudi. Asiyetaka, aje anunue mikate, na anyamaze."

Bah Teilang alisubiri mtu azue maelezo mapya, kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba maelezo hayakauki. Lakini mke wa mwalimu wa shule alivua viatu vyake. Kisha akajitokeza mvuna asali. Kisha wasichana wawili waliokuwa wakisukumana na kucheka kwa woga. Mchana ule, mpaka jua lilipoinama, ngoma ya Krem Ksing ililia na kunyamaza kwa mikono ya watu mbalimbali, wengine wakipiga kwa mpangilio wa ngoma za sherehe, na kila aliyetoka alitoka na tope na sauti ya juu. Phlomi hakuingia, alisema magoti yake hayamruhusu. Lakini kabla ya kuondoka aliuliza bei ya machungwa.

Ukweli una mwendo wake. Zilikuwako nyumba Laitumiong ambazo hazikubadilisha neno lao, na huenda zipo hata leo. Walioingia, hata hivyo, walikuwa wengi kuliko wasioingia, na mtu aliyepiga ngoma kwa mkono wake ni vigumu kumwambia imepigwa na joka.

Mazungumzo ya posa yalifanyika kwa Kong Aitimon, ukoo kwa ukoo, wajomba mbele kama ilivyo desturi. Mvua ilikuwa imerudi. Bah Teilang alisimama kusema neno la upande wake, na alianza mahali ambapo wasemaji wa posa hawaanzii.

"Kwa miaka mingi nilikiambia kijiji hiki kwamba ni upepo. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Dada yangu alisema ni joka. Mwenye nyumba hii hakusema kitu. Sote watatu tulikuwa na umbali mmoja kutoka kwenye lile jiwe. Sasa nasema ninachojua: nimeingia, nimeona, nyumba hii ni safi. Kijana wetu tunamleta."

Chini ya sakafu mlima ulidunda. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, ambaye alikuja kutoka kijiji cha mbali, alisita na kikombe chake hewani, akatazama sakafu, kisha akatazama nyuso.

Kong Trilis alikuwa ameketi bega kwa bega na Kong Aitimon, wakigombania nani amkatie mwenzake nyama ya nguruwe. Hakuinua kichwa. "Kunywa chai yako, mzee," alisema. "Ukimaliza nitakuazima viatu, uende ukaone." Mzee alicheka kwa shaka, akanywa, na baada ya chakula akaomba kweli aonyeshwe mlango.

Hivyo Kitbok alihamia nyumba ya mkewe juu ya mlima uliofunguliwa, na Ridahun akarithi kitu anachokijua. Kauli ya wahenga ilithibitika kwa mwoga, kwa msomi na kwa mwenye nyumba, na hakuna kati yao aliyekata rufaa: maji usiyoyafika hujui wingi wake.